Jinsi ya kuonyesha kazi ya utando wa seli kwa bitiruti

Utando wa seli una unene wa nanometa 7 hadi 8 hivi, kwa hiyo darubini ya maabara ya shule haiwezi kukuonyesha umeundwaje. Wanafunzi huuchora kama mstari, wakaukariri hivyo hivyo. Mimi hufundisha mada hii kwa bitiruti. Rangi yake nyekundu hukaa ndani ya vakuoli, yaani mfuko wa majimaji ulio ndani ya seli, na haiwezi kutoka mpaka ipite tando mbili: wa vakuoli, kisha wa seli yenyewe. Ukuta wa seli, ulio nje ya hizo, hauizuii. Ukiona wekundu majini, tando zimeharibika.

Tafuta bitiruti moja mbichi, kisu kikali, rula, glasi tano, kipimajoto, chumvi na spiriti ya hospitali. Utahitaji pia friza.

Hatua ya 1: Kata. Menya, kisha kata vipande vitano vya sentimita 1 kila upande. Vikipishana ukubwa, hutajua kama rangi imezidi kwa sababu ya joto au kwa sababu kipande ni kikubwa. Kimoja kilaze kwenye friza usiku kucha, na vingine vinne vitunze kwenye maji baridi.

Hatua ya 2: Osha. Usiifanyie haraka hatua hii. Kisu kimepasua seli nyingi sana pale kilipopita, na rangi yake imetapakaa juu ya vipande. Suuza, mwaga, suuza tena, hadi maji yatoke bila wekundu wowote. Kile cha friza kisuuze mara moja tu kikiwa bado kigumu. Asiyeosha vizuri huishia na glasi tano nyekundu zisizomwambia kitu.

Hatua ya 3: Panga glasi, zote kwa ujazo sawa. Ya kwanza maji ya kawaida. Ya pili maji ya nyuzijoto 70 za Selsiasi. Ya tatu spiriti; iwe mbali kabisa na jiko, maana inashika moto upesi. Ya nne maji ya kawaida, na humo tia kipande cha friza. Ya tano maji yaliyokorogwa na vijiko vitatu vya chumvi. Tumbukiza vipande kwa wakati mmoja, subiri dakika 30.

Hatua ya 4: Linganisha. Glasi ya kwanza hubaki karibu safi. Ya pili, ya tatu na ya nne huwa nyekundu, lakini kila moja kwa sababu yake, na sababu hizo ndizo zinazotufunulia muundo wa utando.

Spiriti huvuruga na kuyeyusha mafuta. Utando umejengwa kwa fosfolipidi, molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, zikajipanga safu mbili, mikia ikielekeana katikati. Mwaka 1925, wanasayansi Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakapata eneo mara mbili ya uso wa chembe hizo. Vipimo vyao vilikuwa na kasoro mbili zilizofutana, lakini jibu la safu mbili limesimama hadi leo.

Maji ya moto hulegeza mafuta hayo na pia huharibu umbo la protini zilizopachikwa humo. Wanasayansi Singer na Nicolson walieleza mwaka 1972 kwamba protini nyingi huelea ndani ya mafuta, hazikugandishwa mahali pamoja. Kwenye friza, fuwele za barafu hutoboa tando.

Sasa bonyeza kipande cha glasi ya tano. Kimelegea, maana maji yamevutwa nje na chumvi, ilhali rangi nyingi imebaki ndani. Hii ndiyo glasi ninayoipenda kuliko zote: utando mzima umeruhusu maji na kuizuia rangi. Maji mengi hupita kwenye protini zenye mifereji, akwaporini, ambazo zilimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Piga picha glasi zote zikiwa mbele ya karatasi nyeupe siku hiyo hiyo, kwani rangi ya bitiruti hufifia kwa joto na mwanga.