Mtoto anachechemea: namna ya kupiga ultrasaundi ya nyonga hatua kwa hatua

Wenzangu mnaoshika probu (kile kifaa cha mashine ya ultrasaundi kinachowekwa kwenye ngozi) kwenye hospitali za wilaya na vituo vya afya, leo naongelea nyonga ya mtoto, ile kesi ya "ameamka asubuhi hataki kukanyaga mguu". Goti likijaa maji unaliona kwa macho na unaligusa, lakini nyonga imejificha chini ya misuli, na eksirei mwanzoni inaweza kutoka safi kabisa wakati ndani kumejaa maji, ndo mana hapa ultrasaundi ina thamani kubwa sana.

Kabla ya jeli, uliza

Umri kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 8 hivi aliyetoka kuugua mafua na hana homa kali, mara nyingi ni ule uvimbe wa muda wa kiungo unaoisha wenyewe. Wa miaka 10 hadi 16 anayelalamika nyonga, au hata goti tu, wazia kichwa cha paja kuteleza, huyo anataka eksirei ya nyonga zote mbili hata kama wewe hujaona kitu. Kichanga ndo mgumu zaidi, anaweza asiwe na homa kabisa, mama anakwambia tu analia nikimbadilisha nepi na mguu huu hauchezeshi, hiyo kauli ya mama ichukue kwa uzito wote. Alafu uliza selimundu, alianguka lini, na dawa gani ameshapewa huko alikotoka.

Kumweka mtoto

Mlaze chali, mama akae karibu na kichwa amshike mkono, mdogo sana anaweza kulala mapajani kwa mama mwenyewe. Chupa ya jeli iweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla, jeli ya baridi ikimgusa tu mtoto anajikunja na hapo hupati picha. Anza na mguu mzima, usianze na unaouma, kwasababu anaona hakuna maumivu na pia unapata kipimo cha kulinganishia. Miguu yote miwili ilale vilevile imenyooka, ukizungusha mmoja ndani na mwingine nje kapsuli (mfuko unaozunguka kiungo) inabadilika umbo na kulinganisha kwako hakuna maana.

Probu

Tumia ya linia (yenye uso ulionyooka), MHz 7 hadi 12 au zaidi, depthi (kina cha picha) ya sm 3 au 4 inatosha watoto wengi. Kijana mnene ikigoma chukua kaveksi (yenye uso wa mviringo).

Weka mbele ya nyonga kwa mshazari ukifuata shingo ya mfupa wa paja, ncha ya juu ielekee kitovuni na ya chini ielekee upande wa nje wa paja. Ukiona mshipa mkubwa unadunda umeenda ndani mno, rudi nje kidogo. Unachotafuta ni mviringo wa kichwa cha paja, kisha kijipengo ambacho ni sehemu ya mfupa inayokua (sio mpasuko!), kisha shingo inayoshuka kama mstari mweupe unaong'aa. Usipime chochote mpaka huo mstari uonekane vizuri.

Kupima

Juu ya shingo kuna kapsuli. Kwenye nyonga nzima inabonyea kufuata shingo, yenye maji inatuna kuelekea juu, na mara nyingi utaliona hilo kabla hata hujashika kipimio. Pima kutoka uso wa mfupa wa shingo hadi kwenye kapsuli pale palipo papana zaidi. Ikizidi mm 5, au ikiupita upande wa pili kwa zaidi ya mm 2, hayo ni maji.

Ila angalia gegedu (ile sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa). Kwa watoto wadogo, hasa vichanga, kichwa cha paja bado ni gegedu tupu na kinaonekana cheusi, mtu asiyezoea anaandika maji. Bonyeza taratibu na probu: maji yanasogea, gegedu halisogei, na ndani yake lina vidoti vyeupe.

Usiishie hapo. Shuka na probu mpaka chini ya shingo na kwenye mfupa wa paja uangalie kama kuna usaha umeinua ngozi ya mfupa, mana kwa mtoto shingo iko ndani ya kapsuli na maambukizi ya mfupa yanaingia kiungoni moja kwa moja. Pita pia kwenye misuli ya psoas (inayotoka kiunoni kupita mbele ya nyonga) na ya paja, kwetu huku jipu la misuli lipo na linachechemeza vilevile.

Sasa hili ndo lililonifanya niandike

Ultrasaundi inakwambia maji yapo. Haikwambii ni maji gani. Maji meusi safi kwenye skrini yanaweza kuwa usaha, na Dopla (picha ya rangi inayoonyesha damu inavyotembea) isiyo na rangi haimaanishi hakuna maambukizi, kwahiyo tafadhali usiandike "maji ya kawaida" kwenye ripoti ya mtoto mwenye homa. Usaha unakula gegedu ndani ya siku chache na nyonga ya mtoto hairudi tena.

Kinachosaidia kuamua ni vile vigezo vinne alivyotoa daktari wa mifupa ya watoto Mininder Kocher na wenzake wa Boston, Marekani, mwaka 1999: homa zaidi ya nyuzi 38.5, kushindwa kukanyaga, ESR (kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama) zaidi ya mm 40 kwa saa, na chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000. Vikiwa vingi kwa pamoja na maji yapo, huyo ni wa kutobolewa kiungo kwa sindano maji yatolewe leo, sio kesho. Na kipimo cha malaria kikiwa chanya kisikutulize, mtoto anaweza kuwa na malaria na usaha kwenye nyonga kwa wakati mmoja.

Ripoti

Andika mm za kulia na za kushoto, umbo la kapsuli, hali ya mfupa na misuli, alafu sentensi moja ya wazi: "Maji yapo, ultrasaundi haiwezi kutenganisha usaha na maji mengine, daktari aamue kuhusu kuyatoa." Kama hakuna maji lakini homa ipo na mguu haukanyagi, andika arudiwe kesho, mana maambukizi ya mfupa mwanzoni yanaweza yasionyeshe kitu. Na maji yakiwepo na mtoto ana homa usimpe mama karatasi akapange foleni, mpigie daktari mwenyewe mtoto akiwa bado kitandani kwako.