Namna ya Kukadiria Mkaa Utakaotosha Nyumba kwa Masika Yote

Wengi wetu tunaopikia mkaa hapa Dar es Salaam hununua kwa kopo au kwa sado, leo kwa leo, na utaratibu huo hautusumbui sana hadi mwezi Machi unapoingia. Mvua za masika, ambazo huku Pwani hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, hulowesha kuni na matanuri huko porini, hunasisha malori kwenye tope la njia za Kisarawe, Rufiji na Kilosa, na hatimaye bei hupanda wakati uleule ambapo mkaa wenyewe unafika mjini ukiwa umelowa. Mwenye kutaka kuepukana na hayo hana budi kuweka akiba mwezi Februari, jua likiwa bado kali. Hapo ndipo linapozuka swali la magunia mangapi.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuliacha gunia kando, kwa sababu gunia si kipimo. Lipo lililoshonwa mdomoni, lipo lililojazwa lumbesa hadi likavishwa kilemba cha majani na kamba, na ndani yake mkaa wa mti mgumu wa porini huwa mzito na wa kudumu kuliko mkaa wa mnazi au wa mwembe, ambao hushika moto upesi na kuisha upesi. Magunia mawili yaliyosimama bega kwa bega kwenye kibanda kimoja yanaweza kupishana kwa kilo kumi na zaidi. Hesabu yote, basi, ifanywe kwa kilo, na mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki au ya fundi wa vyuma chakavu inatosha kabisa kwa kazi hii.

Tenga kilo 20 za mkaa mkavu kwenye mfuko wake, kisha pikia mkaa huo peke yake kwa siku saba mfululizo, ukihakikisha kwamba wiki hiyo ina siku ya maharage na siku ya chapati kama ilivyo desturi ya nyumba yako. Wiki ya wageni haifai, wala wiki ya mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mapishi ya futari na daku hayafanani na ya siku nyingine. Makaa yanayobaki jikoni baada ya kupika yazimwe kwa kufunikwa ndani ya debe lenye mfuniko, si kwa kumwagiwa maji, na yarudishwe kwenye mfuko. Siku ya nane pima kilichobaki. Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita ya Mbagala iliyobakiwa na kilo 5.5: imetumia kilo 14.5 kwa wiki, na kwa kuwa Machi, Aprili na Mei zina siku 92, yaani wiki 13 na siku moja, inahitaji takriban kilo 190.

Hesabu hiyo ni ya siku za jua, na masika yana matumizi yake. Maji ya kuoga ya watoto wachanga na wazee hupashwa moto kila asubuhi, na nguo zisizokauka kwenye kamba huishia kwenye pasi ya mkaa, hasa umeme unapokatika. Pasi na maji hayo vikila kilo moja kwa wiki, kaya yetu inafika kilo 203. Kisha kuna chenga na vumbi linalobaki chini ya gunia, ambalo mimi hulihesabu kuwa sehemu moja ya kumi. Ili ibaki na kilo 203 za kupikia, kaya hiyo inunue takriban kilo 225.

Kabla ya kugawanya kwa magunia, upime kwanza maji unayouziwa. Nunua kilo moja kutoka gunia unalolitaka, uutandaze mkaa huo juani kwenye sinia kuanzia asubuhi hadi alasiri, kisha uupime tena. Ukikuta gramu 900, gunia lenye uzito wa kilo 50 lina kilo 45 tu za mkaa, na kilo 225 zitatoka katika magunia matano, si manne na nusu. Wakati unausubiri ukauke, vunja kipande kimoja: mkaa ulioiva hulia kama kigae ukigonganishwa na mwenzake na hung'aa pale ulipovunjika, ilhali usioiva una rangi ya udongo na ukiwashwa utatoa moshi wa kuni.

Suala la kuhifadhi ninalisisitiza kwa uchungu. Mwaka mmoja nilinunua magunia manne ya mkaa mzuri kabisa, nikayapanga kwenye sakafu ya saruji yakiegemea ukuta wa uani. Mwishoni mwa Aprili nilipofungua la tatu, nusu yake ya chini ilikuwa imenywa maji kutoka sakafuni, na kila jiko nililowasha lilianza kwa milipuko midogo na cheche zilizotoboa kanga ya mama yangu. Tangu siku hiyo magunia yangu hukaa juu ya matofali na mbao, kiganja kimoja mbali na ukuta, chini ya bati lisilovuja, na turubai huwekwa juu tu ili hewa ipite pembeni.

Kilo hizo 225 zinaweza kupungua. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, sufuria lenye mfuniko halipotezi moto, na jiko banifu lenye kuta za udongo hutumia mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Vifuu vya nazi viwashie moto badala ya mafuta ya taa. Jambo moja tu lisifanywe kwa kisingizio cha mvua, nalo ni kuingiza jiko linalowaka kwenye chumba kilichofungwa milango na madirisha, kwani makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Pikia barazani au penye dirisha wazi, hata kama manyunyu yatakufikia.

Tarehe 1 Aprili pima tena akiba. Kaya yetu ya mfano inapaswa kuwa na takriban kilo 150. Ikikuta 130, ni afadhali ijaze mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 mapema, ambao hufanya kazi ya takriban kilo 18 hadi 24 za mkaa, na iutumie kwa chai na mboga za haraka, huku mkaa ukiachiwa maharage na makande.