Namna ya kuingiza mabasi ya ghorofa kwenye ruti za Dodoma bila kung'oa paa

Mbukwenyi wakuu. Kila ikizuka stori ya kubanana asubuhi kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, lazima atokee mtu aseme si walete yale mabasi ya ghorofa kama ya London, mchezo umeisha. Mimi nimekuwa konda barabara hii hii ya Dar miaka ya kutosha, baadae nikawa napanga zamu za madereva, na wazo lenyewe wala silipingi. Shida ni kwamba watu wanaanza na basi, wakati basi ndo kitu cha mwisho. Ukianza na basi utajikuta una chuma cha bei mbaya kimepaki uani kinafugia kuku kwasababu hakipiti chini ya waya wa kona ya pili. Hii naandika kwa mtu anayefikiria kweli, awe tajiri wa Coaster tatu nne, wenye daladala walioungana, au ndugu yetu wa ofisini aliyetupiwa hilo faili mezani.

Anza na ruti. Ghorofa ni gari la watu wanaokaa, sio watu wa kushuka shuka. Chukua ruti ya ndani, ile ya Area C au Chang'ombe, abiria anapanda hapa, vituo viwili tu anagonga bati "shusha", sasa huyo ukimpandisha juu kwa ngazi, akifika juu tu muda wa kushuka umefika, wengine wanapanda yeye anashuka wanakutana katikati ya ngazi na ndoo. Kila kituo kinakula dakika. Piga hesabu mwenyewe: watu 80, mlango mmoja, kila mtu sekunde tatu tu, hizo ni sekunde 240, dakika nne mmesimama na bado nyuma trafiki anakuangalia. Kwa hiyo tafuta ruti ambayo gari linajaa mwanzo na kumwaga mwisho. Kwa hapa kwetu ya kwanza kichwani ni Sabasaba kwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kilomita kama 17 hivi kutoka mjini, asubuhi wanakwenda wote jioni wanarudi wote. Ya pili ni ya UDOM chuo kikifunguliwa. Stendi kuu ya Nanenane na stesheni ya SGR ningezifikiria pia, ila kule abiria ana begi la magurudumu, mfuko wa mchele na mtoto, na ghorofa lina nafasi ndogo sana ya mizigo kuliko watu wanavyodhani.

Ukishapata ruti, usiende kwenye mtandao kutafuta basi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea.

Mwambie akutengenezee mti wa kupimia. Mabasi mengi ya ghorofa ya Uingereza yana urefu wa mita 4.2 mpaka 4.4 kwenda juu, kwa hiyo chukua bomba jepesi la plastiki, lisimamishe kwenye pikapu, ncha ya juu iwe mita 4.7 kutoka lami, juu kabisa funga kitambaa chekundu na kengele ya baiskeli au makopo, chochote kitakachopiga kelele kikiguswa. Plastiki wakuu, sio chuma, kule juu kuna umeme. Alafu tembea ruti nzima polepole alfajiri ya Jumapili, kwenda na kurudi, ukiwa upande wa kushoto kabisa wa barabara kwasababu ndiko basi litakakopita na ndiko matawi yalipo. Kila kengele ikilia simama, piga picha, andika umegonga nini na mbele ya jengo gani.

Utashangaa. Mtu akikaa chini haoni kabisa mji ulivyo kule juu. Kuna mwarobaini, ile ya zamani iliyoinamia barabara. Kuna waya za simu zilizolegea ambazo hata mwenyewe hajulikani. Kuna kamba za bendera zinazofungwa kukiwa na sherehe ya kitaifa alafu zinasahaulika miezi. Kuna geti la stendi. Na kuna kitu ambacho hakuna anayekifikiria mpaka siku ya kwanza, paa la sheli. Basi limepita ruti nzima salama salimini, jioni dereva anaenda kuweka mafuta, kwaa! Pima paa la sheli utakayotumia, pima mlango wa gereji, pima hata mahali pa kuoshea. Niliwahi kupanda basi moja refu la safari ndefu, kampuni siitaji, dereva akakwepa bodaboda kidogo tu kushoto, tawi likaingia kioo cha juu mbele, tulikaa porini masaa matatu tukiangalia kioo kimejaa majani kama mboga.

Matawi usikate mwenyewe na panga lako usiku. Dodoma mti unaota kwa shida, kampeni ya kuifanya ya kijani ilizinduliwa 2017 na mti wa barabarani hapa una wenyewe. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaani nyingi ni za TARURA, na jiji nao wana neno lao. Andika barua moja yenye zile picha na vipimo, peleka kote, waya wa umeme peleka TANESCO. Ukienda na picha 30 zenye namba unasikilizwa, ukienda na maneno matupu unaambiwa uje wiki ijayo. Wenzetu wa Uingereza makampuni mengine yana basi kuukuu kabisa la ghorofa wameligeuza la kukatia matawi, linapita ruti kwanza, hiyo ndo kazi yake tu.

Wakati unasubiri majibu, angalia chini. Mabasi ya mjini ya kisasa yana sakafu ya chini ili mzee na mwenye mtoto wasipate tabu kupanda, kitu kizuri, ila yamechorwa kwa barabara za wenzetu. Matuta yetu unayajua. Tuta moja la mtaani lililojengwa kwa hasira linaweza kukwangua tumbo la basi lote. Pita ukipima matuta, rasta, yale matuta madogo madogo ya kufuatana, sio tatizo sana, na pita pia Januari mvua ikiwa imenyesha uone maji yanakatiza wapi, maana Dodoma ni kavu miezi yote alafu siku moja korongo linahamia barabarani.

Sasa ndo basi. Tafuta linalotoka nchi inayoendesha kushoto kama sisi, yani Uingereza, Hong Kong, Singapore, India, ili mlango uwe upande wa kituo na sio upande wa magari yanayopita. Yale ya London mengi yana milango miwili, unapandia mbele unashukia katikati, kwa ruti yenye nyomi hiyo ni bora mara mia kuliko mlango mmoja. Ya Hong Kong yamezoea joto. Na joto usilidharau, ghorofa ya juu inakaa chini ya bati moja kwa moja, jua la Oktoba hapa kama vioo havifunguki na kiyoyozi kimekufa watu watashuka wamechemka, mimi ningepaka paa lote jeupe kabla ya kuandika jina la kampuni. Vichungi vya hewa viwe vya kutosha kwa sababu ya vumbi. Na kabla hujalipa uliza kodi ya gari chakavu, bei ya mnada inaweza kukuchekea alafu bandarini ukalia.

Uzito nao. Basi la kisasa la ekseli mbili linakaribia tani 12 likiwa tupu. Weka abiria 80 wa kilo 65, hizo ni tani 5.2, jumla 17.2. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inakupa tani 8 ekseli ya mbele na 10 ya nyuma, jumla 18. Kwa hiyo unaona, ukisema "sogeeni sogeeni kuna nafasi" ukaongeza 20 tu wa kusimama ushapita. Tulivyozoea kwenye Coaster, kwamba gari halijai, hapa linajaa kweli.

Na kusimama juu ni marufuku. Hili hata usilifungulie mjadala. Uingereza basi la ghorofa linajaribiwa kwa kulazwa ubavu mpaka nyuzi 28, juu kumewekwa uzito wa abiria na chini kutupu, na halitakiwi kuanguka, kwa hiyo wanaosema yanaanguka hovyo wanakosea, ila hesabu hiyo ni ya watu waliokaa. Wakiwa wamesimama 20 juu wote wanakimbilia dirisha la kulia kuangalia Bunge, hiyo ni hesabu nyingine.

Leseni ya ruti na nauli ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hapo hakuna njia ya mkato, nenda mapema na vipimo vyako maana ukienda na basi tayari unakuwa unaomba msamaha sio kibali.

Madereva. Usimpe ghorofa deiwaka, yani dereva wa kushikizwa kwa siku. Leseni daraja C na kozi ya PSV, ile ya magari ya abiria, ni mwanzo tu, anatakiwa ajifunze mwili mpya, kwamba kichwa chake kiko mita mbili na nusu chini ya kichwa cha gari. Namna ninayoipenda: jaza viroba 60 vya mchanga, kila kimoja kilo 50, hiyo ni tani tatu, vipange kwenye viti vya juu (vijana wa kupandisha watakudai hela ya maana, walipe), alafu mpeleke dereva uwanja mpana azunguke pole pole, apige kona, afunge breki, aone jinsi gari linavyojibu likichelewa. Baada ya hapo kipilefti, tena nje ya saa za kazi. Dereva wa Hiace akishaipata ile hali ya kichwa kizito anapunguza mwendo mwenyewe bila kufokewa. Mfundishe na upepo. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unapiga ubavu, na ukishatoka kwenye majengo kuelekea Ihumwa ni uwanda, ghorofa ni kama mtu amebeba mlango kichwani. Siku ya upepo mkali mwendo unashushwa, na siku nyingine basi linabaki uani, liandikwe hilo kwenye utaratibu ili dereva asiogope kumwambia tajiri.

Konda ni wawili. Mumbai waliendesha mabasi ya ghorofa tangu 1937, ya dizeli ya mwisho yakastaafu Septemba 2023 wakiwa wameshaanza kuleta ya umeme, na yale ya zamani yalikuwa na konda wawili, mmoja chini mmoja juu, mshahara wa yule wa pili ukawa sehemu ya gharama zilizoyaelemea. Kwa hiyo ama ulipe konda wa pili ama nauli ikatwe kabla ya kupanda, tiketi dirishani Sabasaba, kadi ya kugonga, lolote, ila usimpe mtu mmoja kazi ya kupanda ngazi mara 40 kwa siku huku gari linatembea na chenji mkononi. Konda wa chini asimame karibu na ngazi na kazi yake kubwa ni sentensi moja: "Ngoja gari lisimame ndo ushuke." Dereva awe na kamera au kioo cha kuona juu. Viti vya chini ni vya wazee, wajawazito, wenye watoto, na mzigo wote unabaki chini, ndoo ya zabibu haipandi ngazi hata kama mwenye nayo ni shangazi yako.

Hapo kuna jambo linalonikera kidogo. Ghorofa moja linabeba kama Coaster tatu, tajiri akiona hivyo anafuta Coaster tatu anaweka ghorofa moja, abiria aliyezoea gari kila dakika tano sasa anasubiri robo saa juani. Ataenda bodaboda, na atakuwa sahihi. Weka ghorofa saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na jioni watu wakitoka kazini, mchana acha Coaster zizunguke. Na wenye Coaster kaa nao kabla, wape ile kazi ya kukusanya watu mitaa ya ndani Nzuguni na Ilazo kuwaleta barabara kuu, la sivyo wiki ya kwanza tu utakuta daladala nne zimepaki kwenye kituo chako na hakuna anayejua dereva wake yuko wapi.

Wiki mbili za kwanza usizihesabu kimapato. Watu watapanda kwenda kuona mji tu, watoto wote watagombania kiti cha mbele juu, selfi zitapigwa mpaka Mtumba. Anza kuhesabu wiki ya tatu: wangapi wanapanda juu kwa hiari, dakika ngapi kila kituo, lita ngapi kwa safari.

Na ule mti wa plastiki usiutupe. Mvua zikikata, mwezi wa nne hivi, utoe stoo, funga kitambaa kipya, zunguka ruti yote tena na kengele yako. Mwarobaini ukikatwa Novemba, Aprili unakuwa umerudi na matawi mawili pale ulipokata moja.