Namna ya Kudai Dhamana ya Jokofu

Jokofu likiacha kugandisha, soma kadi ya dhamana kabla ya kumwita fundi wa mtaani, kwa kuwa mara nyingi kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, hupewa miaka mingi kuliko sehemu nyingine, na chombo kikishafunguliwa na fundi asiyetambuliwa na mtengenezaji, dai lako linaweza kukataliwa. Risiti ya mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, hufifia kwa joto. Ipige picha siku ileile ya ununuzi, pamoja na kibandiko chenye namba ya utambulisho ya jokofu. Madhara ya umeme kupanda na kushuka kwa kawaida hayafidiwi, jambo ambalo muuzaji huwa hana haraka ya kulitaja. Wasilisha dai kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukipuuzwa, nchini Tanzania unaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani.