Mjomba Uliye Nje ya Nchi, Kabla Hujatuma Ada ya Kemia na Michezo

Ujumbe unakukuta kazini, zamu ya usiku: "Shikamoo mjomba. Nimepata chuo, kemia na michezo. Ada mwisho Ijumaa." Kwetu Mtwara na Lindi, uwe Mmakonde, Mmwera au Myao, mjomba hana pa kujificha. Lakini usitume kitu bado. Piga simu, uliza: kemia na michezo, asome wapi na aje kuwa nani?

Ualimu wa kemia ngazi ya stashahada unaweza kuanzia nyumbani. Kuna vyuo vya ualimu vya serikali Mtwara mjini (Kawaida na Ufundi), Kitangali kule Newala, na Nachingwea upande wa Lindi. Masomo yanayopokelewa mwaka huo yasome kwenye tangazo la Wizara ya Elimu, si kwenye maneno ya kijiweni. Kwa shahada ya ualimu wa sayansi, wengi huelekea Mkwawa, Iringa, au DUCE pale Chang'ombe, Dar, vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris kipo hapohapo Mtwara, na ukaribu unashawishi, ila fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) uone kama somo lake limo.

Michezo ni safari. Chuo cha ualimu Butimba kiko Mwanza, chuo cha michezo Malya kiko Kwimba, mkoa huohuo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya elimu ya viungo. Kutoka Mtwara hadi Dar pekee ni zaidi ya kilomita 500, na Mwanza ni zaidi ya 1,000 tena. Nauli, godoro na chumba vihesabiwe pamoja na ada, maana hivyo ndivyo vitakavyokuamsha usingizini mwezi wa pili wa masomo.

Akitaka vyote viwili, ningemshauri kemia iwe somo la kufundishia, kisha aulize chuo kama michezo inaweza kuwa la pili. Mwalimu wa kemia anayejua kupuliza filimbi, wakati wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ndiye anayetafutwa na mkuu wa shule. Wadogo zake walio kidato cha nne nao waambie: mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 (michepuo ya kidato cha tano na sita), na za michezo zimo.

Muulize pia lini mara ya mwisho alishika bureti kwa mkono wake. Wapo wanaofaulu kemia kwa kumtazama mwalimu akifanya jaribio mbele ya darasa. Akisitasita, pesa ya kwanza iende kwenye mazoezi ya maabara.

Mimi niliwahi kutuma ada nzima kwa chuo kimoja cha binafsi. Chuo kilikuwa na usajili, kozi haikuwa nao. Pesa haikurudi hadi leo. Siku hizi naangalia jina la chuo na jina la kozi, vyote viwili: stashahada kwa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), shahada kwa TCU. Halafu naomba namba ya kumbukumbu ya malipo (control number), nahakikisha jina ni la mpwa wangu, nalipa mwenyewe. Ya kula natuma kila mwezi, kidogokidogo.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Mtihani wa kidato cha sita ukiisha Mei, aanze hilo mara moja, asingoje matokeo. Kama ni mwanao aliyesoma huko uliko, vyeti vyake vya sekondari vipitie NECTA (Baraza la Mitihani) kulinganishwa. Akiwa ameshachukua uraia wa huko, aulize Uhamiaji kama atahitaji kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, daraja C.

La mwisho ni korosho. Minada hufunguka Oktoba, na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huweza kuja vyuo vikiwa vimeshafungua. Basi patana na dada yako mapema, mbele ya kijana: muhula wa kwanza wako, wa pili wa shamba la Tandahimba.