Faili ya maktaba haionekani: kuikwamua skrini ya OLED kwenye Arduino

Kwa anayejifunza Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, skrini ndogo ya OLED yenye chipu ya SSD1306 inapendeza sana kuanzia nayo: nyaya nne tu, na maandishi yanawaka. Ila wengi hukwama hata kabla nukta moja haijawaka, kwa sababu programu inagoma kukompaili, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, na kumwaga maandishi mekundu. Mara nyingi kinachokosekana ni faili ya maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu yako inautumia. Usifute kila kitu ukaanza upya. Jibu limo humo humo kwenye maandishi mekundu.

Hatua ya 1: Anza na kosa la juu kabisa

Pandisha hadi juu, utafute mstari wa namna hii:

`fatal error: Adafruit_GFX.h: No such file or directory`

Yaani kompaila (kifaa cha programu kinachokompaili) imeitafuta faili hiyo kila mahali inapopajua, isiione. Chini yake utakuta `compilation terminated`: kazi imekatishwa hapo hapo. Ndiyo maana hutajiwa faili moja tu kwa mara moja. Ukiipata hiyo, ukakompaili tena, ikadaiwa nyingine, usivunjike moyo. Umesogea.

Hatua ya 2: Jua nani ameiita

Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Tazama jina la faili lililotangulia kosa, lile linalofuatwa na namba ya mstari. Likiishia na `.ino`, ni programu yako mwenyewe iliyoita, kwa hiyo kagua herufi kwenye `#include`, mstari unaoita faili. Kwenye Linux herufi kubwa na ndogo hazilingani, `Adafruit_gfx.h` haitapatikana kamwe.

Lakini ukiona `Adafruit_GrayOLED.h` ndiyo inayodai `Adafruit_I2CDevice.h`, msimbo wako hauna kosa lolote. Ni maktaba inayoitegemea maktaba nyingine. Maktaba ya skrini hii, Adafruit SSD1306, inaitegemea Adafruit GFX, na zote mbili zinaitegemea Adafruit BusIO, ambamo faili hiyo imo. Nimeona watu wakihariri msimbo wao usiku kucha ilhali kilichokosekana ni BusIO peke yake.

Hatua ya 3: Sakinisha

Katika Arduino IDE 2, programu ya kompyuta unayoandikia msimbo, bofya alama ya vitabu upande wa kushoto, andika Adafruit SSD1306, sakinisha. Ikikuuliza kama uweke na maktaba zinazotegemewa, kubali zote. Jina la faili si lazima lifanane na jina la maktaba: `U8g2lib.h`, kwa mfano, imo ndani ya maktaba iitwayo U8g2.

Hatua ya 4: Kama uliweka kwa mkono, fungua folda

Kwenye Windows na Mac, maktaba hukaa Documents/Arduino/libraries. Mimi iliwahi kunichukua saa nzima kugundua kwamba faili iliyobanwa ya zip ilipofunguliwa ilizaa folda ndani ya folda:

`libraries/Adafruit-GFX-Library-master/Adafruit-GFX-Library-master/Adafruit_GFX.h`

Faili ipo, macho yanaiona, kompaila haiioni. Inatakiwa iwe moja kwa moja ndani ya folda ya maktaba, au ndani ya `src` ya folda hiyo. Toa folda ya ndani, iweke juu, ufute ganda lililobaki tupu. Kisha funga IDE na uifungue tena.

Hatua ya 5: Zile zisizopakuliwa

`Wire.h` na `SPI.h` huja pamoja na kifurushi cha bodi, yaani faili ambazo IDE huzihitaji ili kukompaili kwa bodi yako. Usizitafute mtandaoni. Zikikosekana, hakikisha umechagua bodi sahihi, kisha ondoa kifurushi cha bodi hiyo na ukiweke upya. Na ikidaiwa `avr/io.h` wakati bodi yako ni ESP32, hapo hakuna cha kusakinisha: maktaba hiyo iliandikwa kwa chipu za AVR, kama ATmega328P ya bodi ya Arduino Uno R3. Tafuta nyingine inayoikubali bodi yako.

Hatua ya 6: Jaribu mfano wa maktaba yenyewe

Kwenye menyu ya mifano, fungua `ssd1306_128x64_i2c` bila kugusa herufi. Ukikompaili bila kosa, maktaba ziko sawa. Rudi kwenye mistari yako. Ukipita lakini skrini ikabaki nyeusi, hiyo si shida ya faili tena. Angalia kwenye msimbo anwani ya I2C, njia ambayo bodi huzungumza na skrini: mara nyingi ni `0x3C`, nyakati nyingine `0x3D`. Badilisha hapo kwanza, kabla hujagusa nyaya.