Uliza Umri Kwanza, Ndipo Usome Shingo

Kazi ya eksirei nimeifanya miaka 22, na kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza namwanzishia hapo: kabla hujaitazama shingo, soma fomu. Mgonjwa ana miaka mingapi? Wa kike au wa kiume? Kivuli ambacho kwa mtu mzima ni mvunjiko, kwa mtoto kinaweza kuwa ukuaji tu.

Kisha hesabu pingili za shingo. Ni saba. Kama ya saba imefichwa na mabega, picha haijakamilika.

Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miaka 4 aliyeanguka ngazini. Pingili ya pili ina kichomozo kinachosimama kama jino, na chini ya jino lile palikuwa na mstari mweusi. Mwenzangu akatamka, "Imevunjika," mama akaanza kulia. Nikamwomba mwenzangu autazame tena: kingo zake ni laini, na umekaa palepale gegedu inapounganisha jino na pingili. Gegedu hiyo hugeuka mfupa kati ya miaka 3 na 6. Hata hivyo kola ya kushikilia shingo hatukuivua mpaka daktari alipompima mwenyewe.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 8, pingili ya pili huweza kuonekana imeteleza mbele kidogo juu ya ya tatu. Chukua rula. Piga mstari kutoka ukuta wa nyuma wa mfereji wa uti wa mgongo kwenye pingili ya kwanza hadi ya tatu. Ukuta wa ya pili usiachane nao kwa zaidi ya milimita 2. Na mwanya kati ya pete ya pingili ya kwanza na jino: mtoto huruhusiwa hadi milimita 5, mtu mzima 3.

Wakati wa kubalehe tazama sakafu, yaani upande wa chini, za pingili ya 2, 3 na 4. Za mtoto ni bapa. Balehe ikija hubonyea, na miili ya pingili iliyokuwa kama kabari huelekea mraba. Wasichana hutangulia. Madaktari wanaopanga meno hutumia alama hizi kujua kama taya bado linakua.

Kwa watu wazima, pingili za wanaume kwa kawaida ni kubwa. Za wanawake ni nyembamba kutoka mbele kwenda nyuma, hata ukubwa wa vichwa ukilingana. Lakini vipimo hupishana, kwa hiyo usibashiri jinsia kwa filamu peke yake.

Kwa wazee nenda moja kwa moja kati ya 5 na 6, halafu 6 na 7. Hapo ndipo diski, mito laini iliyo kati ya pingili, husinyaa na ncha za mfupa kuchomoza. Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, shingo imeoza?" Nikamjibu, "Hapana bibi, hizi ni kama mvi." Wengi wanazo na hawaumwi. Ila mgonjwa akikwambia mikono inakufa ganzi au vitu vinamponyoka, mfikishie daktari habari hiyo kabla mgonjwa hajaondoka.